Kuweka Viraka na Kusafisha Viraka: Mazungumzo na Mafundi wa Seva, Tanga

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu hamjambo. Wenyewe mnasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Na mimi ni mmoja wa hao, jioni nina basi, kwa hiyo sitazunguka.

Humu wapo wanaolea mashine, yaani seva za IBM, ambazo maofisini bado zinaitwa AS/400. IBM waliitoa mwaka 1988, jina likabadilishwa mara kadhaa, na tangu 2008 mfumo wake unaitwa IBM i, juu ya mashine za Power. Vijana wanaicheka ile skrini ya kijani. Wacheke tu, mishahara yao inatoka humo humo. Mashine hizi haziharibiki ovyo, na hilo ndilo linaloziponza: zinasahauliwa. Miaka inapita bila kiraka hata kimoja, yaani rekebisho la programu kutoka kwa mtengenezaji, halafu mkaguzi akiuliza, fundi anabeba furushi zima la viraka, hizi PTF, na kulishindilia usiku mmoja.

Kuweka kwenyewe si kazi kubwa. Unaandika amri GO PTF, unachukua chaguo la 8, mashine inajizima na kujiwasha, yaani inafanya IPL, na viraka vinakaa. Kabla ya hapo soma barua zinazokuja na viraka, maana masharti maalumu yamo humo, na piga nakala rudufu ya mfumo mzima kwa GO SAVE, chaguo la 21. Jenereta nayo iwe na mafuta. Habari za umeme wa hapa mnazijua ninyi kuliko mimi.

Ninachotaka tukae nacho leo ni yale ya baadaye. Viraka vimekaa, watu wanafanya kazi, mara ujumbe unaingia QSYSOPR, sanduku la ujumbe wa msimamizi wa mashine, kwamba diski za mfumo zimefika asilimia 90. Bosi anasema, "Safisha hivyo viraka." Sasa fundi asafishe nini? Hapo zipo amri tatu, na kila siku nakutana na watu wanaozichanganya.

DLTPTF inafuta lile faili ambalo kiraka kilikuja nalo, lililolala kwenye maktaba ya mfumo iitwayo QGPL, pamoja na barua yake. Kiraka kilichokwisha kuwekwa kinabaki kazini kama kawaida. RMVPTF inakitoa kiraka chenyewe na kuirudisha programu ya zamani. Hiyo ni dawa ya kiraka kilicholeta balaa, usiitumie kutafutia nafasi. Tena kama kuna kiraka kingine kinachokitegemea, lazima hicho kitangulie kutoka.

Ya tatu ni APYPTF yenye *PERM, na hii naiogopa. Kiraka kikiwekwa kwa muda, mfumo unaitunza programu ya zamani kando. Ukikifanya cha kudumu, ile ya zamani inafutwa. Nafasi utaipata, sikatai, lakini RMVPTF haitakufaa tena. Kilichobaki kukuokoa ni ile tepu ya chaguo la 21, kama ipo, na kama inasomeka.

Uzito wake utauona zaidi kwenye programu ya ndani kabisa, ile inayokaa chini ya mfumo wenyewe. Mashine inazo nakala zake mbili, A na B. B ndiyo ya kila siku, ina viraka vya muda. A ni ya akiba, ina vya kudumu tu. B ikikorofisha, unawasha kwa A na kazi inaendelea. Sasa mtu aliyewahi kudumisha kila kitu kwa sababu diski imejaa, kile kiraka kibovu kiko A na kiko B. Atakimbilia wapi?

Basi vidumishwe lini? Mimi nasema viache vipite mwisho wa mwezi kwanza, kwa sababu programu ya mishahara inaweza kugusa sehemu ambayo siku nyingine haiguswi kabisa. Ofisi inayofunga hesabu Juni 30 ivuke hiyo tarehe. Ukikaribia kuweka furushi jipya, vile vya zamani vilivyotulia ndiyo uvidumishe, kisha uweke vipya. Wapo mafundi hodari wanaodumisha mapema kuliko hivyo. Tusigombane, ila mimi silali.

Na mara nyingi kilichojaza diski si viraka vyenyewe. Ni zile picha za diski mlizopakua, yaani mafaili makubwa yaliyobeba viraka, gigabaiti kadhaa, zimeachwa kwenye IFS, sehemu ya mfumo yenye folda na mafaili, baada ya kazi kwisha. Katalogi yake, yaani orodha ya hizo picha, inafutwa kwa DLTIMGCLG. Ukitaka na picha ziondoke nayo, andika KEEP(*NO). Anzeni hapo kabla hamjagusa *PERM. Tukishapata chai tutafungua WRKPTFGRP, amri inayoonyesha hali ya mafurushi ya viraka, kwenye mashine hii ya mfano, tuone furushi lipi limekaa na lipi linangoja IPL.