Rejista ya Darasa la Saba

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanachama wa bodi za shule, hamjambo.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zote zifungwe. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi ya umma, Kaunti ya Kilifi. Kesho yake nilikwenda ofisini nikachukua rejista ya darasa langu, nikaenda nayo nyumbani.

Mwezi Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo haupo tena. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wangu walingoja hadi Januari 2021.

Masomo yalipelekwa redioni na kwenye runinga, na walioyatayarisha walijitahidi kweli. Lakini mimi nilianza kupiga nambari zilizo kwenye rejista. Nyingi hazikupatikana. Nyingine zilikuwa za jirani aliyekwisha kuhama. Hoteli za Watamu na Malindi zilikuwa zimefungwa, na wazazi waliozitegemea walikuwa wamerudi mashambani na watoto wao. Basi nikaanza kutembea, boma kwa boma.

Wavulana niliwakuta timboni wakikata mawe. Wasichana niliwakuta wakilea wadogo zao, na mmoja alikuwa mjamzito. Nilikuwa nimebeba karatasi za mazoezi ya hesabu. Nyanya yake akazipokea, akaziweka chini, akaniuliza, "Mwalimu, na kile chakula cha mchana cha shuleni, sasa atakila wapi?"

Swali hilo sijaweza kulisahau. Sisi tulihesabu vipindi vilivyopotea. Nyumba ile ilikuwa inahesabu sahani. Kwa mtoto wa kaunti kame, shule ya umma ndiyo jiko, ndiyo maji, na ndipo mahali ambapo mtu mzima asiye wa ukoo wake humtazama usoni kila asubuhi na kugundua kwamba kuna jambo. Shule ikifungwa, hayo yote hufungwa siku moja.

Sasa tuseme fedha. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Zigawanye kwa wiki za masomo za mwaka, unapata chini ya shilingi 40 kwa wiki. Hapo hapo mwalimu mkuu anunue chaki, alipe mlinzi, na wakati wa janga anunue sabuni na matangi ya maji. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi, ambaye mshahara wake hutokana na michango ya wazazi, alikaa miezi bila senti. Wengine waliingia kwenye bodaboda na hawakurudi. Mimi nasema wazi: fedha za dharura zingeanza na mwalimu huyu na sufuria ya shule, kabla ya kifaa chochote cha kidijitali.

Na msidhani hayo yameisha na korona. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa shule kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Familia za Tana River zilihamia kambini. Mwalimu aliyekuwa na nambari moja tu ya simu kwa kila mtoto angemtafuta wapi?

Kwa hiyo naomba muhula huu, kabla ya mvua, kila mwalimu wa darasa aandike nambari ya pili, jina la jirani, na kijiji ambako familia ingekimbilia. Nakala moja ikae kwa chifu. Na bodi zikubaliane mapema ni nani atakayegawa unga na maharagwe ya stoo shule ikifungwa ghafla, maana mwaka wa korona nafaka ililala ndani ya kufuli huku watoto wakilala njaa ng'ambo ya ua.

Yule msichana nilimrudia mara nne. Mwongozo wa Wizara unamruhusu mama mdogo kurudi darasani, ila nyumbani kwao hakuna aliyekuwa ameambiwa. Alirudi Januari 2021, na saa ya mapumziko akawa anakimbia nyumbani kunyonyesha. Machi 2022 aliketi kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nyanya alikuwa nje ya lango, chini ya mkorosho, na mtoto mgongoni.