Nani Hasa Atanunua Unga Wako?

MWENYEJI: Karibu, msikilizaji. Leo, tukiwa hapa Kisumu, tunazungumzia soko lengwa, yaani watu mahususi ambao biashara inakusudia kuwauzia. Msikilizaji wetu mmoja anapanga kusaga na kufungasha unga wa uji wa wimbi, mtama na muhogo. Tulipomwuliza wateja wake ni akina nani, alijibu kwamba ni kila mtu, kwa kuwa hakuna nyumba isiyopika uji. Dada, jibu hilo lina kasoro gani?

MWENZAKE: Kasoro yake ni kwamba haliwezi kumsaidia kuamua jambo lolote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu, na hakuna anayeanza na magunia mawili ya wimbi akaweza kuwahudumia wote hao. Asipochagua, atafungasha pakiti ya kilo mbili kwa sababu ndiyo aliyoizoea kuiona dukani, aipe bei ya kukisia, kisha ashangae kwa nini haitoki. Mimi ningemtaka kwanza atenganishe watu watatu ambao huchanganywa mno: anayekula, anayeamua na anayetoa pesa.

MWENYEJI: Lakini mama anayempikia mtoto uji si ndiye anayeamua na kulipa?

MWENZAKE: Nyumbani, mara nyingi ndiye. Katika shule ya chekechea, hata hivyo, anayekula ni mtoto, anayeamua ni mwalimu mkuu, na pesa ni za wazazi wanaolipa karo kidogo kidogo. Anayeuzia shule lazima awe na uwezo wa kungoja malipo na kuvumilia miezi ya likizo. Mchuuzi wa samaki anayeishi Nyalenda, mtaa wa watu wa kipato cha chini, hupata pesa kila siku, kwa hiyo hununua unga wa kutosha siku hiyo, ilhali mwajiriwa wa Milimani, mtaa wa wenye nafasi, hununua kilo kadhaa mwisho wa mwezi na kutarajia kuona alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, kwenye pakiti. Unga ni ule ule, ndugu yangu, lakini hizo ni biashara tatu zenye mitaji, vipimo na bei tofauti.

MWENYEJI: Kwa hiyo umri na jinsia, ambavyo watu huvitanguliza, havitoshi.

MWENZAKE: Vina nafasi yake. Takwimu za sensa zinafika hadi ngazi ya kata ndogo, na zinaweza kumwonyesha idadi ya kaya zilizoko pale anapotaka kuuza. Hazimwambii, hata hivyo, kwamba mshindani wake mkubwa huenda si kampuni ya unga, bali ni kinu cha mtaani, ambako mama hupeleka nafaka aliyoichagua kwa macho yake, akachanganya apendavyo na kusagiwa akiwa amesimama hapo. Hilo atalijua akienda soko la Kibuye siku ya Jumapili, linapofurika watu, na kuzungumza na wanaonunua wimbi.

MWENYEJI: Awaulize nini hasa?

MWENZAKE: Asiwaulize kama wangependa unga wake, maana watakubali kwa adabu, watu wetu hawapendi kumvunja moyo mtu mwenye bidii. Awaulize mara ya mwisho walinunua wapi, kiasi gani, kwa bei gani, na ni kitu gani hakikuwaridhisha. Akisikia wengi wakilalamikia mchanga ndani ya wimbi, amepata jambo la kuwauzia, nalo ni usafi.

MWENYEJI: Kama ungekuwa wewe, ungeanza na nani?

MWENZAKE: Ningeanza na wanawake wanaouza uji uliopikwa karibu na vituo vya bodaboda huko Kondele. Wao hununua unga mara kwa mara, hulipa papo hapo, hawahitaji pakiti ya kupendeza, na unga ukiwa na kasoro, wateja wao huwaambia asubuhi ileile, nao watamwambia. Akipata watano wanaorudi kununua bila kukumbushwa, hapo ndipo aanze kupiga hesabu ya pakiti za Milimani.