Nani Anamlipa Fundi? Mazungumzo juu ya Sanaa za Gujarat

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie sanaa za jadi za Gujarat, jimbo la magharibi mwa India ambalo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu na upepo wa kaskazi. Siwezi kugusa kila kitu. Hata garba, ile ngoma ya duara ya usiku tisa wa Navratri, sikukuu ya Wahindu, naiacha. Wengi mmeiona kwa majirani zenu Mombasa na Dar es Salaam. Kwa zile chache nitakazozitaja, nitauliza swali moja tu: nani alikuwa analipa?

Chukueni bhavai, mchezo wa kuigiza wa vijijini. Masimulizi yanasema ulianzishwa karne ya 14 na Brahmini mmoja, Asaita Thakar. Jemadari alikuwa amemteka Ganga, binti wa mkuu wa wakulima. Asaita akaenda kumwombea, akadai ni mwanawe. Jemadari akasema: kama ni mwanao, kaa ule naye. Kwa Brahmini, kula pamoja na mtu wa tabaka la chini ni unajisi. Asaita akala. Binti akaachiwa, lakini Mabrahmini wenzake wakamtenga, naye akageukia uigizaji. Wakulima wakabeba jukumu la kumtunza yeye na uzao wake. Mpaka leo tarumbeta ndefu za shaba, bhungal, ndizo huwaita watu uwanjani, na wanaume ndio huigiza wanawake. Mimi naona si ajabu kwamba mchezo uliolishwa na wakulima unawacheka wakubwa na wakopeshaji.

Sasa twende Kutch, wilaya ya huko huko Gujarat, penye ajrakh. Hiki ni kitambaa cha pamba cha rangi ya nili na nyekundu, kinachopigwa chapa za mti na mafundi wa ukoo wa Khatri. Jamani, kazi hii ina uvumilivu! Kitambaa hufuliwa kwa magadi, mafuta ya mbarika na mavi ya ngamia, kisha hupitishwa hatua zaidi ya kumi. Panapotakiwa kubaki peupe hupigwa chapa ya chokaa na gundi ili rangi isiingie. Weusi hupatikana kwa vyuma chakavu vilivyoozeshwa pamoja na sukari guru, na wekundu hushikwa na shabu. Mteja wake alikuwa mfugaji, aliyekivaa kilemba, shuka na mtandio wa begani. Kilichapwa pande zote mbili, na wenyewe husema ni kwa sababu mfugaji huamka gizani, hana nafasi ya kutafuta upande wa nje.

Mfugaji huyo alipohamia nguo za viwandani, kwa kuwa ni rahisi, mafundi wengi walibaki bila soko. Wao wenyewe walikuwa wameshaingia rangi za kemikali. Miaka ya 1970 Mohammad Siddik Khatri, wa kijiji cha Dhamadka, akarudia rangi za asili na kuwafundisha wanawe. Mnunuzi mpya alikuwa mtu wa mjini, kisha wa ng'ambo. Likaja tetemeko la Januari 26, 2001. Nyumba zilianguka, na maji ya Dhamadka yakazidi madini ya chuma, ambayo hudhulumu rangi nyekundu. Baadhi ya familia zikahama zikajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Fundi wa ajrakh hufuata maji kabla ya kufuata wateja.

Nimewawekea mwisho Masidi, watu wa asili ya Afrika waliofika Gujarat wakiwa mabaharia, askari, wafanyabiashara, na wengi wakiwa watumwa. Ziara yao kuu iko Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor, anayesemekana alikuwa Mhabeshi na ndiye aliyestawisha biashara ya akiki. Mawe hayo huchimbwa vilimani humo, huchomwa yawe mekundu, na huchongwa katika mji wa Khambhat. Wanaakiolojia wamefukua shanga za akiki katika miji ya kale ya pwani yetu.

Ngoma yao wanaiita goma. Kuna ngoma kubwa yenye miguu, mugarman. Kuna malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Kuna na kayamba la kifuu cha nazi, lenye jina la Mai Misra, dada yake Bava Gor. Inasimuliwa kwamba jinni wa mlima aliwashinda kaka zake, yeye akamweza. Wachezaji hurusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa.

Aliyelipa zamani alikuwa mwenye nadhiri: mtu kaomba mtoto, kapata, kaleta sadaka. Leo vikundi vya Masidi vinapanda majukwaa ya mahoteli na ya Ulaya, na manyoya ya tausi, kwa dakika walizopangiwa. Wako wanaosema huo ni uchafuzi. Mimi sikubaliani nao: kijana wa Kisidi ana haki ya mshahara kama mpiga fidla wa Vienna. Ninachokipinga ni tangazo linalomwita "mcheza ngoma wa kishenzi" ili tiketi ziuzike, wakati anayoyaimba ni dhikri. Haya, maswali karibuni.