Tumbawe likiwa jeupe bado halijafa

Jamani mliokaa nyuma sogeeni huku mbele, spika ya leo haina nguvu.

Tuanze na hili: tumbawe ni mnyama. Ule mwamba mnaouona pale visiwa vya Mbudya na Bongoyo, hapa Dar es Salaam, maji yakikupwa umejengwa na vidudu vidogo laini vyenye mikono, na ndani ya seli zao kabisa unaishi mwani wa chembe moja, wataalamu wanauita zuzanthela, sentimita moja tu ya mraba inaweza kubeba zaidi ya milioni moja. Ile rangi ya kahawia mnayoizoea ni ya mwani, mnyama mwenyewe nyama yake inapitisha mwanga kama kioo. Mwani unapiga jua unatengeneza sukari, nyingi inaenda kwa mwenyeji wake, hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji, na yeye anaupa makazi na mabaki yake yanakuwa mbolea. Usiku tumbawe linatoa mikono kunasa vidudu vya majini, ila hicho ni kitoweo tu, ugali unatoka kwa mwani.

Sasa joto. Maji yakizidi nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto kali, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, mitambo ya mwani inaharibika, inaanza kutoa sumu, tumbawe linautoa nje na kubaki jeupe. Mwaka 1998 ukanda wetu wote huu uliliona hilo, El Niño ile, 2016 tena, 2024 tena.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa manahodha. Likiwa jeupe watu wanasema limekufa, basi nanga inatupwa hapo hapo, juya linaburutwa, wengine wanavunja wakachome chokaa. Vaa miwani uangalie kwa karibu! Kama ni jeupe linang'aa na vimikono bado unaviona, lipo hai, lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani kidogo uliobaki ndani unazaliana na rangi inarudi. Lililokufa utalijua, linavaa ukungu wa kijani, halina nyama.

Mama ameuliza kuhusu wale konyeza wanaolala chali kwenye mikoko. Ndiyo mama, nao wanafuga mwani huo huo, wanalala chali ili upate jua, na ni kutoka kwa konyeza wa aina hiyo mtafiti Freudenthal aliupa mwani huu jina lake la kisayansi mwaka 1962. Swali lingine?