Vile Vitabu Nyuma Yangu: Leo Najibu

Haya jamani, habari za huko. Leo sijapika, sijaenda kutembea, nimekaa tu. Maana kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, hivyo vitabu nyuma yako ni vya nini?" Mwingine kaongeza, "Siku hizi umekuwa msomi." Ni vitabu vya watoto, jamani. Vina picha. Vingi nimeviokota duka la mitumba, dola 2, dola 3 za hapa Australia. Kipya ni karibu dola 20, na ukikifungua kina maneno ya kujaza kiganja. Sasa anayesema najishaua, sijui anajishaua nani kwa mitumba.

Chanzo ni kazi. Karatasi nilizohangaika nazo kuingia kituo cha kulea watoto hapa Adelaide nilishawasimulia, sirudii, presha itapanda. Wiki ya kwanza, mtoto wa miaka 3 akaniwekea mapajani kitabu cha kondoo wa kijani. Nikakisoma kama taarifa ya habari. Watoto wakanitazama, halafu wakaanza kukisoma wenyewe bila kuangalia, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho pale kondoo alipolala. Wanacho kichwani kama sisi na sungura wetu wa sizitaki mbichi hizi. Aibu niliyoipata! Nafundishwa na mtu asiyejua kufunga viatu.

Aliyekiandika ni Mem Fox, na yule mama kakulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kitabu chake Possum Magic kilikataliwa mara 9 ndani ya miaka 5, kikatoka 1983. Kuna posamu mdogo, mnyama wa mitini wa huku, jina lake Hush. Bibi yake alimfanyia uchawi asionekane, nyoka wasimpate. Siku mtoto anataka aonekane tena, bibi kasahau dawa, anakumbuka tu kwamba ni chakula cha watu. Basi wanazunguka Australia wakila. Darwin wakala mkate wa Vegemite, ule mpako mweusi wa hamira, mkia ukatokea. Perth pavlova, ile keki ya ute wa yai, miguu na mwili vikatokea. Hobart lamington, ile keki ya chokoleti na nazi, akatokea mzima.

Mimi mwenzenu nina miaka 6 nakula hiyo Vegemite, chumvi tupu, na maombi yangu ya viza bado "yanashughulikiwa". Sijui nimeruka mji gani. Msiandike nalalamika, nasimulia tu. Mem Fox mwenyewe, na pasi yake ya Australia, mwaka 2017 alizuiliwa uwanja wa ndege wa Los Angeles kwa muda wa karibu saa mbili anahojiwa kuhusu viza. Bibi wa miaka 70! Ubalozi wa Marekani ukaja kumwomba radhi. Mimi bado nasubiri ya kwangu.

Mtaniambia niende maktaba, ni bure. Ni kweli, na kadi moja inatumika Australia Kusini yote. Lakini mimi nilipokwenda nikaambiwa nilete uthibitisho wa ninapoishi. Bili ya umeme ina jina la mume wangu, ya maji ni ya mwenye nyumba. Nikarudi mara tatu kwa ajili ya kuazima kitabu cha koala.

Huyu hapa mzee kabisa, The Magic Pudding, wa 1918. Norman Lindsay alikuwa akibishana na mwenzake, yeye akashikilia kwamba watoto wanapenda chakula kuliko hadithi za vimalaika. Akaandika pudini yenye miguu na mdomo mchafu: ukikata kipande inajijaza, usipokula inakutukana. Ndugu zangu, nadhani mmenichukulia mimi ndiyo ile pudini. Sitaji mtu. Anayejijua amejijua.

Sasa wale wa "tutumie basi hivyo vitabu". Nilishajaribu. Kutuma kwa posta, gharama ilizidi bei ya vitabu vyenyewe, nikampa mtu anayesafiri. Vitabu 11 na viatu vya mtoto wa dada. Uwanja wa ndege begi likazidi kilo, akatoa vitabu, akaviacha kwenye benchi. Viatu vilifika. Dada akanipigia kunishukuru kwa viatu, nikaitikia "haya mama", nikakata simu nikalia. Kwenye vile 11 kulikuwa na Storm Boy, yule mtoto na ndege wake mwari, nilichokuwa nimeandika ndani jina la mpwa wangu.

Sasa msije mkaenda kununua mkasema dada kasema. Mimi ni kazi yangu na mtoto wangu. Wa kwako labda anataka mpira.

Ila nina shida moja. Juzi nilitaka kumsomea mtoto wangu lile shairi la sungura, bila kitabu, nikijiamini kabisa. Ubeti wa tatu nikakwama. Ananiangalia anasubiri, na mimi ninacho kichwani cha kondoo wa kijani mwanzo mwisho. Kwa hiyo mwenye kile kitabu cha shule ya msingi, naomba apige picha ule ukurasa anitumie. Picha tu ya simu. Usimpe mtu mzigo.