Namna ya Kuzitunza Kanga Alizoacha Shangazi

Assalamu alaikum, karibuni tena. Leo sipiki. Sanduku hili mnaloliona ni la shangazi yangu, dada yake baba, aliyetangulia mbele ya haki miezi mitano iliyopita hapa Tanga. Ndani mna kanga doti 19, na nitakuonyesha tunavyozitunza zisije zikaishia kuwa matambara ya kudekia.

Kabla hujashika mkasi wala kumgawia mtu, kumbuka nguo za marehemu ni mirathi. Waulize warithi wote, hata yule asiyejali kanga. Sisi tulisubiri arobaini ipite, wakakaa wakaelewana, ndipo nikafungua sanduku.

Sasa tenga ile aliyoivaa mwisho. Hii hapa. Upande huu aliojitandia kichwani una mafuta ya nazi, na udi bado unanukia. Hii haifuliwi. Ikunje, itie ndani ya foronya ya pamba, basi. Pacha wake nilimtia kwenye beseni kwa mazoea tu, na nilipokuja kumwanua alikuwa ananuka sabuni. Siku ile nililia kuliko siku ya maziko.

Zilizobaki tunafua. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kikandamize hapa kwenye pindo, hesabu mpaka 20. Umeona wekundu huo? Basi hii inafuliwa peke yake, maji baridi, sabuni kidogo, wala usiiloweke. Doa la kutu kama hili lipake ndimu na chumvi, liache kidogo, kisha suuza vizuri. Anika kivulini.

Zikishakauka, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Tafuta mtu aliyekua naye. Mimi nimemchukua baba. Washa simu irekodi kabla hujauliza chochote, halafu mpakatie kanga moja magotini. Usimwulize, "Shangazi alikuwa mtu wa namna gani?" Atakujibu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, na hapo mazungumzo yamekwisha. Soma jina la kanga kwa sauti, kisha uliza: hii aliivaa wapi?

Sikilizeni ya hii, "Hasidi hana sababu". Baba aliangua kicheko. Kumbe shangazi aligombana na jirani, akaivaa wiki nzima akipita mbele ya baraza lake kwenda bombani. Kwenda ndoo tupu, kurudi ndoo tupu! Nikamwuliza baba kama walipatana. Akaipapasa kanga, akasema, "Huyo jirani ndiye aliyemwosha."

Mimi ningeipata wapi habari hiyo? Sandukuni hayamo, na baba naye ana miaka 74. Kwa hiyo usingoje upate nafasi. Anza na kanga moja leo.

Kila habari iandike kwa kifupi kwenye utepe wa pamba, kwa kalamu isiyotoka majini, uushone pembeni kwa mishono miwili. Pini usitumie, hewa ya pwani itaitia kutu na kutu itakula kitambaa. Kuhifadhi ni rahisi: karafuu kavu ndani ya kifuko, weka katikati ya nguo. Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni, zitapata ukungu. Kila baada ya miezi michache zitoe, zikunje kwa mkunjo mwingine, zifukize udi.

Imebaki hii moja. Doti nzima, haijakatwa, bado ngumu ya dukani. Baba alimnunulia Idi iliyopita, naye akasema ni nzuri mno kuvaliwa jikoni, ataikata akipata pa kwenda nayo. Baba alipoiona alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ikate."

Ukikata doti, ikunje katikati mapindo yakutane, hakikisha majina yamelaliana, pita na mkasi polepole juu ya mkunjo. Kisha pinda kingo kwa cherehani, upindo mwembamba tu. Nilitaka kuwaonyesha zote mbili zilivyotoka, lakini ninayo hii moja niliyojifunga. Ya pili baba ameichukua, anajifunikia usiku.