Nesi Hutibu Anachokijua

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na kazi ya unesi wa shule nimeifanya miaka 16. Niko na kaka yangu Amosi. Leo tunazungumzia afya ya mwanafunzi: shule inabeba lipi, mzazi anabeba lipi.

AMOSI: Asante, dada. Naomba nianze mimi, maana mada hii imenigusa. Binti yangu ana kifafa. Alipoanza darasa la kwanza nilipewa fomu ya afya. Nikafika kwenye swali la magonjwa ya kudumu, nikaandika "hana".

ZUHURA: Ukiogopa nini?

AMOSI: Niliogopa watamkataa, au wenzake watamkimbia wakidhani atawaambukiza. Nikajipa moyo: dawa anameza nyumbani asubuhi na jioni, shule inahusikaje? Wiki ya tano akaanguka darasani. Mwalimu akamtia kijiko mdomoni, wengine wawili wakamkandamiza mikono na miguu. Alirudi nyumbani jino limevunjika.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Mwalimu yule alihangaika kwa nia njema, ila hakuna aliyemwambia. Anayeanguka kifafa unamwondolea vitu vya kumuumiza, unamwekea kitu laini chini ya kichwa, unalegeza nguo shingoni, unamlaza ubavu na kutazama saa. Mdomoni usimtie kitu, wala usimshike kwa nguvu. Dakika 5 zikipita hajatulia, au akishikwa tena kabla hajazinduka, hiyo ni dharura, akimbizwe hospitali. Haya nayafundisha walimu kwa robo saa tu. Lakini nitawafundisha kumhusu mtoto gani, ikiwa fomu inasema hana kitu?

AMOSI: Hapo ndipo nilipokosea.

ZUHURA: Na wengi wanakosea hapo hapo, kwa mapenzi. Mwenye selimundu haandikwi, mwalimu anamzuia kunywa maji darasani, anamwacha kwenye baridi, maumivu yanamshika. Mwenye kisukari anayechoma insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, anaonekana mtukutu, kumbe sukari imeshuka na anahitaji kitu cha sukari pale pale, si baada ya kipindi. Wa pumu nao, mzazi kanunua pampu, kaitia mkobani, karidhika. Mkoba uko darasani, mlango umefungwa, mtoto anakimbia uwanjani. Pampu aliyoandikiwa ya kufungua kifua iwe karibu naye kila aendako, na mwalimu wa michezo ajue kuitumia.

AMOSI: Kwa hiyo dawa kuwepo shuleni hakutoshi.

ZUHURA: Hakutoshi. Iwe na jina la mtoto, ibaki kwenye pakiti yake, iwe na maelekezo ya daktari, na mtu atazame tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi bila jina mimi simpi mtoto. Wazazi wamenikasirikia kwa hilo, na bado simpi.

AMOSI: Dada, kuna kisa ulinisimulia cha nesi wa New York. Wape na wasikilizaji.

ZUHURA: Lina Rogers, mwaka 1902. Wakati ule madaktari walikuwa wanapita shuleni, wakikuta trakoma, yaani ugonjwa wa macho wa kuambukiza, au chawa au upele, wanamrudisha mtoto nyumbani na karatasi. Karatasi ilifika kwa mzazi asiyeielewa, au asiye na uwezo wa tiba. Mtoto hatibiwi, harudi darasani, na jioni anacheza na wale wale waliobaki shuleni. Rogers akapewa shule nne. Yaliyo madogo akayatibu pale pale, kisha akaenda majumbani kukaa na akina mama, akiwaonyesha namna ya kusafisha na kupaka dawa. Baada ya mwezi wa majaribio jiji likaajiri manesi wengine. Waliofukuzwa shule kwa ugonjwa Septemba 1902 walizidi 10,000. Septemba iliyofuata walikuwa kama 1,100.

AMOSI: Madaktari walikuwepo tangu mwanzo.

ZUHURA: Walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha shule na nyumba. Mpaka leo natuma barua kwamba mtoto haoni ubaoni, akapimwe macho, naikuta muhula unaofuata kwenye mkoba ule ule, imekunjwa vile vile.

AMOSI: Na homa za asubuhi je? Sisi wazazi tuna kazi. Mtoto anaamka na joto, unampa parasetamoli, linashuka, unampeleka.

ZUHURA: Umempa saa 12 alfajiri, saa 5 nguvu ya dawa imekwisha, homa imerudi, na asubuhi yote amekaa benchi moja na wenzake. Akae nyumbani mpaka saa 24 zipite bila homa na bila dawa ya kuishusha. Akiwa anaharisha au kutapika, saa 48 tangu mara ya mwisho. Surua ina hila zaidi, maana huambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka. Ukingoja vipele ndipo umzuie, umechelewa, kwa hiyo chanjo haina mbadala. Najua kukosa kazi kunaumiza. Ndiyo maana nawasihi wazazi wapange mapema ni nani atakayemchukua mtoto akiugua.

AMOSI: Na siri, dada? Mzazi ambaye mtoto wake anatumia dawa za VVU atakuaminije?

ZUHURA: Ana haki ya kuuliza hilo kwanza, na shule isiyoweza kumjibu isimlaumu akinyamaza. Mwalimu wa darasa hahitaji jina la ugonjwa. Anahitaji kujua afanye nini mtoto akizidiwa, na amruhusu kwenda kumeza dawa bila kuulizwa mbele ya darasa. Faili linafungiwa kabatini. Nesi au mwalimu anayesimulia ugonjwa wa mtoto kwenye chumba cha walimu amewafunga midomo wazazi wa shule nzima.

AMOSI: Mimi fomu niliisahihisha baada ya lile tukio.

ZUHURA: Umeitazama tena lini?

AMOSI: Sijaitazama tena. Na sasa unavyosema... dawa zake zilibadilishwa mwaka jana. Halafu namba ya pili niliyoandika, ya kupigiwa nisipopatikana, ni ya marehemu mama.

ZUHURA: Basi Jumatatu nenda, kaka. Wahi kabla ya kengele, nesi atakuwa na nafasi ya kukaa na wewe.